Muziki: Pedale ya fuzi, namna ya kuichagua bila kupoteza makuta

Dola 100 za Marekani si makuta kidogo kwa mpiga gitaa wa Lubumbashi, Goma, Bukavu au Uvira. Wengi huzikusanya polepole, harusi moja hadi nyingine. Ndiyo maana anayetaka kununua pedale ya fuzi hana nafasi ya kukosea. Mara nyingi chombo hicho huagizwa Kampala, Kigali, Dubai au Ulaya kupitia msafiri. Kikifika na kukataa kupatana na gitaa, ampli au muziki wa mwenyewe, kukirudisha kule kilikotoka kunaweza kugharimu karibu sawa na bei yake.

Fuzi ni kisanduku kidogo kinachowekwa chini, kati ya gitaa na ampli. Mpigaji akikikanyaga, sauti safi ya gitaa inageuka kuwa nzito, yenye mkwaruzo na mlio mrefu, kama nyuki waliochokozwa ndani ya mzinga. Ndani yake hamna vitu vingi, lakini vitu hivyo vichache vinatofautiana sana kutoka pedale moja hadi nyingine. Tofauti hizo ndizo zinazoamua kama pedale itamtumikia mwenyewe miaka kumi au itabaki kwenye kartoni chini ya kitanda.

Kuna pia jambo linalowahusu Wakongomani wote, hata wasiogusa gitaa. Pedale za kwanza za fuzi zilitengenezwa kwa transista za germaniumu, na germaniumu ni madini ambayo ardhi ya Katanga imeyatoa kwa miaka mingi.

Hitilafu iliyozaa biashara

Historia ya fuzi inaanzia Nashville, Marekani, mwishoni mwa mwaka 1960. Siku hiyo mwimbaji Marty Robbins alikuwa studio akirekodi wimbo wake "Don't Worry". Mpigaji Grady Martin alikuwa na gitaa la besi lenye nyuzi sita. Kifaa kimoja ndani ya meza ya kurekodia kiliharibika, na sauti ya besi ikatoka imechanika. Badala ya kuifuta, waliiacha ndani ya wimbo. Wimbo ulipotoka mwaka 1961, ulipanda hadi nafasi ya kwanza katika orodha ya muziki wa country.

Wanamuziki wengine wakaanza kuitafuta sauti ile. Fundi mitambo wa studio hiyo, Glenn Snoddy, akishirikiana na Revis Hobbs, alitengeneza kisanduku cha transista kilichoweza kuitoa tena wakati wowote. Kampuni ya Gibson ilikinunua na kukiingiza sokoni mwaka 1962 kwa jina la Maestro Fuzz-Tone. Mwanzoni hakikupata wateja wengi. Mambo yalibadilika mwaka 1965, Keith Richards wa Rolling Stones alipokitumia katika wimbo "(I Can't Get No) Satisfaction". Richards mwenyewe alikuwa akifikiria kwamba sehemu ile ingepigwa baadaye na tarumbeta na saksafoni. Fuzi ilikuwa ya kuonyesha njia tu. Wimbo ukatoka hivyo hivyo, na pedale zikaisha madukani.

Kutoka hapo familia ilikua haraka. Mwaka 1965 Gary Hurst alitengeneza Tone Bender mjini London. Mwaka 1966, mjini humo, kampuni ya Arbiter ilitoa Fuzz Face, ile ya duara ambayo Jimi Hendrix aliikanyaga kwenye majukwaa mengi. Mwaka 1969, mjini New York, kampuni ya Electro-Harmonix ya Mike Matthews ilitoa Big Muff Pi. Fuzi nyingi zinazouzwa leo, za bei kubwa na za bei ndogo, ni watoto au wajukuu wa hizo nne.

Madini ya Kipushi

Transista ya kwanza duniani, iliyoonyeshwa mwaka 1947 katika maabara za Bell huko Marekani, ilikuwa ya germaniumu. Kwa miaka zaidi ya kumi, redio ndogo za mkononi, vifaa vya kuwasaidia watu wasiosikia vizuri, na baadaye pedale za gitaa, vilitegemea madini hayo.

Mgodi wa Kipushi, kilomita kama 30 kutoka Lubumbashi, mpakani na Zambia, ulikuwa miongoni mwa vyanzo vikubwa vya germaniumu wakati huo. Ulichimbwa tangu mwaka 1924 na Union Minière, kisha na Gécamines, hadi ulipofungwa mwaka 1993. Shaba na zinki ndizo zilizoupa jina, lakini ndani ya jiwe lake mlikuwa na germaniumu pia. Kuna hata aina ya jiwe lenye germaniumu, renieriti, iliyotambuliwa Kipushi kwa mara ya kwanza duniani. Madini hayo yalisafirishwa hadi Ubelgiji na kusafishwa huko.

Habari hiyo haijawa ya zamani. Mwezi wa Oktoba 2024, kampuni ya STL, tawi la Gécamines, ilianza kupeleka Ubelgiji, kwa kampuni ya Umicore, germaniumu iliyotolewa katika kilima cha mabaki meusi ya kiwanda kinachoonekana kutoka karibu kila kona ya Lubumbashi. Leo germaniumu inatafutwa kwa ajili ya nyaya za intaneti ya kasi, kamera zinazoona gizani na paneli za jua za satelaiti. China, mzalishaji mkubwa kuliko wote, ilianza mwaka 2023 kudai kibali kwa kila shehena inayotoka nchini mwake. Ukilinganisha na soko hilo, pedale za gitaa ni punje ya mchanga. Lakini ndani ya punje hiyo mpiga gitaa wa Katanga anaweza kuona wazi kitu kilichotoka kwao kama jiwe na kurudi kama chombo cha dola 200.

Germaniumu au silikoni?

Hilo ndilo swali la kwanza la kujiuliza, na jibu lake si la masikio peke yake. Ni la hali ya hewa pia.

Fuzi ya germaniumu inasifiwa kwa sauti laini na ya mviringo. Sifa yake kubwa ni utii: mpigaji akipunguza volimu kwenye gitaa lake kidogo tu, mkwaruzo unaondoka na sauti inakuwa karibu safi, bila kugusa pedale. Anayepiga kwa kupandisha na kushusha hisia anaweza kubaki na pedale hiyo moja wimbo mzima.

Udhaifu wake ni joto. Transista ya germaniumu huvujisha umeme kidogo hata inapotakiwa kutulia, na joto likipanda uvujaji unaongezeka. Pedale iliyolia vizuri asubuhi inaweza saa nane mchana kulia kwa kukatakata, au kupoteza nguvu. Kwa mpigaji wa Goma au Bukavu, miji iliyo mita 1,500 hivi juu ya bahari, si shida ya kila siku. Kwa yule wa Uvira, Kalemie au Kindu, au wa Lubumbashi katika joto la mwezi wa Oktoba, akipiga nje kwenye jukwaa lisilo na kivuli, ni jambo la kufikiria mara mbili.

Silikoni ilianza kuchukua nafasi ya germaniumu ndani ya fuzi mwishoni mwa miaka ya 1960. Sauti yake ni kali na ya kung'aa zaidi, mkwaruzo wake ni mwingi, na joto haliisumbui sana. Pia ni bei ndogo, kwa sababu transista za silikoni bado zinatengenezwa kwa wingi, wakati zile za germaniumu nyingi ni akiba ya viwanda vya zamani. Anayenunua fuzi yake ya kwanza, tena bila kuijaribu, hupunguza hatari akianza na silikoni.

Muziki gani?

Swali la pili ni la muziki wenyewe, na hapa mashauri mengi yaliyoandikwa kwa ajili ya wapigaji wa roki wa Ulaya na Marekani hayamsaidii sana Mkongomani.

Gitaa la rumba na la seben limejengwa juu ya sauti safi. Solo na mi-solo husukana, na mara nyingi mpigaji hubana nyuzi mbili pamoja zinazopishana kwa noti tatu au sita. Fuzi haipendi hivyo. Inapopokea noti mbili kwa wakati mmoja, huzaa noti nyingine ambazo hakuna aliyezipiga, na kadiri noti hizo mbili zinavyopatana kwa namna ngumu ndivyo vurugu inavyoongezeka. Noti moja moja hutoka vizuri. Noti mbili zinazopishana kwa tano, kama wanavyopiga wa roki, hutoka vizuri pia. Lakini akodi nzima ya akompa, au ule mchezo mtamu wa mi-solo, hugeuka kuwa uji.

Hiyo haina maana kwamba fuzi haina nafasi kwetu. Ina maana kwamba nafasi yake ni maalumu: solo ya noti moja moja, mwanzo wa wimbo, sehemu ya katikati inayotakiwa kumwamsha msikilizaji. Kwa kazi hiyo, fuzi inayotii volimu ya gitaa inafaa kuliko ile yenye nguvu isiyopungua, kwa sababu mpigaji anaweza kurudi kwenye sauti ya seben kwa kidole kimoja.

Na masikio ya ukanda huu si mageni kwa sauti iliyochanika. Ng'ambo ya Kasumbalesa, katika miji ya shaba ya Zambia, vijana wa miaka ya 1970 walianzisha muziki ulioitwa Zamrock. Orkestra kama WITCH, Amanaz na ile ya Paul Ngozi zilichanganya fuzi na midundo ya nyumbani, na sahani zao zinatafutwa leo na wakusanyaji wa nchi nyingi. Kinshasa nako, kundi la Konono N°1 la Mingiedi Mawangu lilipata sauti yake bila pedale yoyote: likembe ziliunganishwa na mikro zilizotengenezwa kwa sumaku za vipuri vya magari, zikapitia ampli na bafle zilizolemewa. Albamu yao "Congotronics", iliyotoka mwaka 2004, iliwashangaza wasikilizaji wa Ulaya kwa mkwaruzo huo huo.

Kuhusu aina, tofauti kubwa ni hizi. Zile za ukoo wa Fuzz Face zina buto mbili tu, ni rahisi kutumia, na ndizo zinazotii volimu zaidi. Zile za ukoo wa Tone Bender zinasikika wazi zaidi katikati ya orkestra, kwa sababu hazifichi sauti za kati. Zile za ukoo wa Big Muff zina buto tatu, mlio mrefu sana na ukubwa unaojaza chumba, lakini nyingi hupunguza sauti za kati. Mpigaji akiwa peke yake nyumbani huipenda. Akiingia kati ya besi, ngoma na kinanda, anashangaa kwamba haonekani tena. Kuna pia fuzi za oktavu, zinazoongeza noti ileile juu yake, ambazo Hendrix alizitumia kwa pedale ya Roger Mayer. Ni tamu kwa noti moja moja katika sehemu ya juu ya shingo ya gitaa, na karibu hazifai kwa kitu kingine.

Umeme na pile

Hapa fuzi inawapa wapigaji wa miji yetu habari njema. Ni miongoni mwa pedale zinazokula umeme kidogo kuliko zote. Fuzi ya transista mbili ikipewa pile moja ya volti 9 inaweza kufanya kazi kwa mamia ya saa. Umeme wa mji ukikatika, haijali.

Zaidi ya hayo, pile haina kelele. Fuzi hukuza kila kitu kinachoingia ndani yake, pamoja na mvumo wa jenereta na mlio wa adapta za bei rahisi. Wapigaji wengi wa fuzi za zamani hata wanapendelea zile pile za kawaida za sokoni, ambazo nguvu yake hushuka taratibu, kuliko zile za bei kubwa.

Sharti ni moja: kuchomoa waya wa gitaa kwenye pedale baada ya kupiga. Katika pedale nyingi, waya ukiingizwa ndipo pile inapoanza kufanya kazi, hata kama taa haiwaki. Anayeuacha usiku kucha kila siku atakuwa mteja mzuri wa muuza pile.

Anayetumia adapta anapaswa kuangalia jambo moja zaidi. Fuzi nyingi za germaniumu zimeunganishwa kinyume: upande chanya wa umeme ndio unaogusa bati la kisanduku. Zikiunganishwa kwenye adapta moja pamoja na pedale nyingine za kawaida, umeme unagongana; pedale hazifanyi kazi na adapta inaweza kuungua. Pedale ya namna hiyo ipewe pile yake, au adapta yake peke yake. Maelezo hayo huandikwa karibu na tundu la umeme au kwenye karatasi ya pedale, na ni ya kuulizwa kabla ya kununua.

Mahali pake katika mstari

Makosa mengine hutokea baada ya kununua. Fuzi za ukoo wa Fuzz Face zinataka kuligusa gitaa moja kwa moja, bila kitu katikati. Zikiwekwa nyuma ya pedale ambayo huimarisha sauti hata inapozimwa, zinalia kwa ukali na zinaacha kutii volimu ya gitaa. Vivyo hivyo kwa wanaotumia gitaa bila waya, jambo lililozoeleka katika makanisa mengi: kifaa cha kupokea sauti hukaa kati ya gitaa na pedale, na fuzi ya germaniumu inapoteza utamu wake wote. Mpigaji wa namna hiyo atafute fuzi ya ukoo wa Big Muff, ambayo haisumbuliwi sana na kilicho mbele yake, au arudie waya.

Ampli nayo ina neno. Fuzi hupendeza zaidi kwenye ampli yenye sauti yenye joto, iliyopandishwa kidogo. Ikipelekwa moja kwa moja kwenye meza ya sauti ya kanisa au ya ukumbi, bila ampli, sauti za juu zinatoboa masikio. Asiye na ampli ajue hilo mapema, apunguze sauti za juu kwenye gitaa na kwenye meza.

Bei na ulaghai

Katika soko la kimataifa, fuzi ndogo zinazotengenezwa kwa wingi huko Asia hupatikana chini ya dola 50. Zile za kampuni zinazojulikana, kama Electro-Harmonix au Dunlop, nyingi zinaanzia karibu dola 80 hadi 150. Za germaniumu zilizotengenezwa kwa mkono huvuka dola 200 kwa urahisi. Usafiri na ushuru huongezwa juu yake. Bei kubwa si dhamana ya sauti nzuri: ndani ya fuzi ya dola 40 na ile ya dola 150 mnaweza kuwa na mchoro uleule. Kinachotofautiana zaidi ni uimara wa kisanduku, wa kibonyezo na wa matundu ya waya, yaani vile vinavyoharibika kwanza kwenye safari za barabara mbovu.

Ulaghai mkubwa uko upande wa germaniumu. Kwa kuwa transista hizo ni adimu, kuna zinazofutwa maandishi na kuandikwa jina lingine. Muuzaji mwaminifu wa pedale ya germaniumu anaweza kusema transista zake ni za namna gani na zimepimwaje nguvu na uvujaji. Anayejibu kwa sifa tu, bila vipimo, aachwe.

Njia nyingine ni fundi. Fuzz Face ya mwanzo ina transista mbili, rezista nne, kondensa tatu na buto mbili. Ni vitu 11 kwa jumla, bila kuhesabu kibonyezo na matundu. Mchoro wake unajulikana duniani kote, na fundi wa redio anayejua kuchomelea anaweza kuiunda kwa silikoni kwa sehemu ndogo ya bei ya dukani. Redio za transista za miaka ya 1960 zilizotupwa stoo zinaweza hata kuwa na transista za germaniumu ndani, mradi zipimwe kwanza. Kwa kijana anayesomea elektroniki, ni kazi ya mwishoni mwa juma inayoweza kugeuka kuwa mkate.

Kabla ya kutoa makuta

Anayepata nafasi ya kujaribu pedale aende na gitaa lake mwenyewe, kwa sababu fuzi moja hulia tofauti kwa kila gitaa. Apige kwanza noti moja ndefu na asikilize inavyokufa: je, inazimika taratibu au inakatika ghafla? Kisha apunguze volimu ya gitaa hadi nusu na asikilize kama sauti inasafika. Kisha apige kile anachopiga kila Jumapili au kila Jumamosi usiku, si wimbo wa Hendrix. Mwishoni aache nyuzi zinyamaze na asikilize mvumo.

Asiyeweza kujaribu asikilize rekodi za pedale hiyo zenye ngoma na besi ndani yake, si zile za gitaa pekee chumbani. Na ajiulize kwa uaminifu ni dakika ngapi za onyesho lake zitahitaji sauti hiyo. Kama ni mbili, fuzi ya dola 40 au ile ya fundi wa mtaani inatosha, na makuta yanayobaki yanunue nyuzi mpya, waya mzuri na pile ya akiba.

Kwa wale watakaochagua germaniumu hata hivyo, kwa sauti au kwa moyo, waiweke mbali na jua na wakumbuke kuchomoa waya. Transista mbili zilizo ndani ni ndogo sana. Madini ya namna hiyo bado yanatoka Lubumbashi, yakielekea Ubelgiji.